Juu ya Majina ya Sehemu za Mtambo wa Biogesi wa Arusha

Mwaka 1991 kilichapwa Ujerumani kitabu cha Kiingereza cha Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro, kielezacho mtambo wa biogesi uliosanifiwa Arusha katika kituo cha CAMARTEC. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya wanalugha, na mwanalugha akifunguaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba hakimhusu. Walakini kila ashughulikiaye istilahi za ufundi katika Kiswahili ana haja nacho, kwa sababu chombo kinachoelezwa humo ni mfano mwema wa jambo ambalo kamusi za Kiswahili zimelipita kimya. Jambo lenyewe ni hili: kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mikono ya watu hakina mgawanyo mmoja wa sehemu. Kina migawanyo mingi kama walivyo wengi wanaokishughulikia, na kila mgawanyo una majina yake. Mtunga istilahi atafutaye jina la sehemu fulani hudhani kwamba sehemu ile imekwisha kukatwa na kuwekwa mezani, ikingoja kubatizwa tu. Lakini aghalabu sehemu hiyo ni sehemu machoni pa mtu mmoja, na machoni pa mwingine haipo.

Kwanza yafaa kusema habari za mahali. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi wa vijijini, kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1981, kikarithi kazi za kitengo cha kujaribu mashine za kilimo kilichoitwa TAMTU na za mradi wa Arusha wa ufundi rahisi. Mwaka mmoja kabla yake, 1980, iliundwa katika mji huo huo TEMDO, shirika la kusanifu mitambo. Basi Arusha, ambayo wageni huijua kwa watalii na kwa mikutano, ni mji wa wasanifu wa vyombo pia, na ni ajabu kwamba watafiti wa lugha wamekuwa wakienda pwani kutafuta istilahi za mafundi wa majahazi huku wakipita Arusha pasipo kushuka garini. Mitambo ya biogesi ilikuwa imekwisha kujengwa nchini katika miaka ya 1970 kwa juhudi za SIDO, nayo ilikuwa ya namna ya Kihindi, yenye pipa la chuma lielealo juu ya tope na kupanda na kushuka kwa kadiri ya gesi iliyomo. Tangu mwaka 1983 CAMARTEC, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la GTZ, ikaanza kuwajengea wakulima mitambo, na katika miaka ya mwisho ya 1980 ukatokea usanifu wenye kuba la matofali lisilosogea, ambao hata leo wajulikana katika nchi nyingine kwa jina la CAMARTEC. Miteremko ya Mlima Meru ilifaa sana kwa kazi hiyo. Mashamba ya migomba na kahawa ni membamba, malisho ni haba, na ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani. Kwa hiyo kinyesi hupatikana mahali pamoja kila siku, hatua chache kutoka jikoni.

Mtambo wenyewe hufanya kazi hivi. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji, kikateremka kwa bomba mpaka ndani ya kuba lililozikwa ardhini. Humo, pasipo hewa, vijidudu hukivunjavunja na kutoa gesi, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi hupanda na kukusanyika chini ya kilele cha kuba. Kwa kuwa kuba halisogei, gesi ikizidi hulisukuma tope lililo chini yake, nalo tope hupanda na kuingia katika tangi la pembeni. Mpishi afunguapo koki, tope lile hurudi kwa uzito wake na kuisukuma gesi kuelekea jikoni. Hakuna gurudumu, hakuna springi, hakuna chuma kinachozunguka. Neno mtambo, ambalo zamani lilitajwa kwa kifyatuo cha mtego na cha bunduki, limepewa hapa chombo kisichofyatua kitu. Jambo hilo halina ubaya, maana lugha huyahamisha maneno kila siku na wasemaji hawapotei njia.

Sasa aulizwe msanifu: chombo hiki kina sehemu ngapi? Yeye huanza na kazi. Kuna mahali pa kuchachushia, kuna ghala ya gesi, kuna tangi la kusawazisha shinikizo, kuna njia ya kuingizia na njia ya kupelekea gesi. Katika hesabu yake mahali pa kuchachushia na ghala ya gesi ni sehemu mbili, kila moja na ujazo wake, na ujazo huo ndio humsumbua usiku. Lakini kati ya sehemu hizo mbili hakuna ukuta. Mpaka wake ni uso wa tope, nao hupanda na kushuka kila gesi inapotumiwa. Kwa hiyo katika orodha ya msanifu imo sehemu ambayo hakuna mtu aliyeijenga wala awezaye kuishika: nafasi ya gesi.

Mwashi hana habari na nafasi hiyo. Yeye huchimba shimo, akapiga kigingi katikati, akafunga kijiti au kamba yenye urefu wa nusu kipenyo, kisha akalaza tofali kwa tofali, kila moja kwa umbali ule ule kutoka kwenye kigingi, mpaka safu zikakutana juu shingoni. Kwake kuba lote ni ukuta mmoja. Tofauti aionayo kati ya chini na juu si ya uchachu na gesi, bali ni ya plasta: juu hupigwa plasta tabaka kadhaa kwa uangalifu mkubwa ili gesi isipenye, na chini si lazima iwe hivyo. Katika orodha yake vimo vitu ambavyo havimo kabisa katika mtambo ukiisha kumalizika, yaani kigingi, kamba, mwiko, timazi. Na asiyevitaja hivyo hajaueleza ujenzi. Kwa mwashi kigingi ndicho mzazi wa kuba. Kwa msanifu hakipo hata katika mchoro wa mwisho.

Mwenye nyumba naye, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba, haoni kuba, maana limefukiwa, na huenda limepandwa majani juu yake. Aonavyo yeye, mtambo ni mahali pa kukorogea, mahali patokapo tope, bomba, koki na jiko. Hata banda la ng'ombe ni sehemu ya mtambo kwake, kwa sababu mtambo bila banda ni shimo tupu. Hapa yafaa kuwasifu waandishi wa kitabu kilichotajwa, kwa kuwa walilitambua jambo hilo mapema: hawakuuhesabu mtambo peke yake kuwa kitu kamili, walilihesabu banda pamoja na mtambo pamoja na shamba kuwa kitu kimoja. Wahandisi wachache hukubali kwamba mipaka ya chombo yaweza kuchorwa na mtumiaji.

Tofauti hizi huonekana wazi kuliko popote katika lile tangi la pembeni. Msanifu huliweka pamoja na ghala ya gesi, kwa sababu ujazo wake hauna budi kulingana na gesi itakayowekwa. Tope lililosukumwa na gesi litakwenda wapi pasipo hilo? Mwashi huliweka pamoja na kuba, kwa sababu hujengwa kwa namna ile ile, kwa kigingi na kamba fupi zaidi. Mwenye nyumba huliweka pamoja na shamba, kwa sababu ndipo patokapo mbolea. Kitu ni kimoja, wazazi ni watatu. Na Kiswahili hakimruhusu msemaji kuficha mzazi amtakaye. Kiunganishi -a hudai mwenye kumilikiwa na mwenye kumiliki: tangi la shinikizo, kuba la pili, shimo la mbolea. Kila jina la namna hii ni tamko juu ya mzazi, si juu ya kitu peke yake. Mtunga kamusi aandikaye moja la majina haya na kuyaacha mengine hadhani kwamba ameamua ugomvi, lakini ameuamua.

Ukitazamwa kwa sarufi, mgawanyo huu wa macho hufuata, kwa kiasi cha kushangaza, mgawanyo wa njia za kuunda majina. Msanifu hupenda majina yatokayo katika vitenzi, yale ya ki- yenye kikomo cha -io au -eo, na jamaa zake: kichungio, kiungio, kifuniko. Majina hayo hutaja kazi na kunyamaza juu ya umbo. Kifuniko chaweza kuwa cha chuma, cha zege au cha ubao. Mwashi hupenda majina ya mwili na ya tabaka: shingo, tumbo, mdomo, mguu, safu, mkanda, haya hutaja umbo na mahali na kunyamaza juu ya kazi. Aendaye dukani hupenda majina ya kukopa, kwa sababu ndiyo muuza duka ayajuayo: bomba, koki, nati, nipo, elboo. Jina la kukopa halisemi kazi wala umbo. Husema tu kwamba kitu kile hununuliwa. Na mwenye nyumba hutumia sana mahali: bandani, shimoni, pale pa kukorogea. Ngeli ya pa- haitumiki sana katika orodha za istilahi, na sababu ni kwamba orodha hizo hutafsiriwa kutoka lugha isiyokuwa na ngeli ya mahali.

Mpaka huu usikazwe kupita kiasi. Msanifu naye husema shingo, na mwashi husema kifuniko. Lakini mwelekeo upo, na kama upo basi kumpa mtu jina ni kumpa na mahali pa kusimama.

Mfano ulio mzito kupita yote ni ule mkanda ambao umeupa usanifu wa Arusha sifa yake. Ukuta wa kuba, kama kuta zote za matofali, hupata nyufa; ufa hupanda kutoka chini kwenda juu, na ukifika katika sehemu ya gesi mtambo umekwisha kufa, maana gesi hutoroka. Wasanifu wakaweka katika ukuta, kwenye mpaka wa sehemu ya tope na sehemu ya gesi, mkanda wa mota yenye saruji chache. Ufa upandao ukifika hapo hugeuzwa ukaenda kwa ulalo, na huko chini hauna madhara, kwa kuwa tope halitoroki kama gesi. Juu yake huwekwa mkanda mwingine wa zege imara, ambao ni kama msingi wa ghala ya gesi. Kwa Kiingereza mkanda wa kwanza huitwa kwa neno lenye maana ya udhaifu, na kwa hesabu ya msanifu jina hilo ni la haki: mkanda umefanywa dhaifu makusudi.

Jina hilo likitafsiriwa neno kwa neno likawa mkanda dhaifu, litamfikiaje mwashi? Mwashi amefundishwa tangu ujana kwamba udhaifu ni aibu ya fundi. Ukuta dhaifu ni ukuta wa mwizi wa saruji. Fundi mwema, mwenye kuionea fahari kazi yake, akisikia kwamba pana mkanda dhaifu atashawishika kuuongezea saruji kwa siri, kwa huruma tu, akidhani kwamba aliyechora alikosea au alikuwa akibana fedha. Naye akifanya hivyo ameuondoa mkanda, ingawa kwa macho upo palepale. Hasara haitaonekana siku ya kukabidhi. Itaonekana ufa utakapopanda. Hapa ubaya wa istilahi si suala la ladha. Jina la kutaja kazi, kwa mfano kikingaufa au kigeuzaufa, lingemwambia mwashi kwamba ule upungufu wa saruji ni kazi na wala si uzembe. Hata hivyo jina hilo peke yake halimtoshi, kwa sababu halimwambii achanganye nini. Ahitaji pia jina la tabaka, safu ya mota hafifu, ambalo halimfai msanifu hata kidogo. Majina mawili kwa kitu kimoja, na kila moja lina kazi ambayo lenzake haliwezi.

Kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja ni kinyume cha hayo. Kanuni hii ina heshima yake. Eugen Wüster wa Austria, aliyekuwa mhandisi, aliieneza katika maandishi yake kuanzia mwaka 1931, na karibu kila kamati ya istilahi duniani, pamoja na zile za Kiswahili, imeipokea. Katika sayansi za maabara haina mpinzani wa maana: kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilifaa kuifuata, maana oksijeni haina mwashi wala mama wa nyumba. Lakini chombo cha ufundi si oksijeni. Chombo hubuniwa na mmoja, hujengwa na mwingine, hutumiwa na wa tatu, hutengenezwa na wa nne kikiharibika. Kanuni ya Wüster hudhani kwamba dhana imekwisha kuwa moja kabla jina halijatolewa, na hapo ndipo isipoweza kusaidia.

Rajmund Ohly, ambaye Kiswahili kina deni kwake katika mambo haya, alitoa mwaka 1987 kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, iliyochapwa na taasisi ya ubunifu wa uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hiyo ilikuwa ya ujasiri, na aliyeifanya aliitambua karakana kuwa chuo cha lugha. Aibu ya kamusi za namna hiyo, ambayo si ya Ohly peke yake, ni kwamba huanzia katika Kiingereza na kupangwa kwa abjadi. Abjadi huvunja chombo vipande vipande na kuvitupa mbalimbali: bomba laangukia ukurasa mmoja na koki yake kurasa hamsini mbele. Na Kiingereza cha vitabu vya ufundi kina jicho la msanifu. Mtafsiri ajapo na orodha yake amekwisha kupokea mgawanyo wa msanifu, na kilichobaki ni kuugeuza sauti.

Wako wengine wadhanio kwamba dawa ni kuzitupa kamusi na kuandika tu mafundi wasemavyo. Hao nao wamepotoka kwa upande wa pili. Neno chemba, kwa mfano, limeenea katika ujenzi wote nchini. Kwa fundi chemba ni shimo la maji machafu lenye mfuniko, na katika mtambo wa biogesi laweza kutajwa mahali pa kukorogea na vilevile tangi la pembeni, yaani mwanzo na mwisho wa safari. Mwenye nyumba ampigiaye fundi simu na kusema kwamba chemba imeziba hajamwambia kitu. Tena palipo na gesi patakiwa jina moja lisilo na ndugu: koki ya kufunga njia yote ya gesi haifai kuwa na majina matatu, kwa sababu siku ya hatari hakuna wakati wa kuulizana. Hapo Wüster ashike usukani.

Wahandisi wenyewe wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, na dawa waliyoipata yafaa kuchunguzwa na watunga kamusi. Katika viwanda vikubwa sehemu moja huwa na namba moja isiyobadilika, lakini namba hiyo huandikwa katika orodha zaidi ya moja: orodha ya msanifu ipangwayo kwa kazi, orodha ya mjenzi ipangwayo kwa hatua za kuunganisha, orodha ya fundi wa matengenezo ipangwayo kwa vitu viwezavyo kufunguliwa na kubadilishwa. Umbo la orodha hizi ni kama mti wa ukoo. Andrew Vazsonyi, mwanahesabu aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, alipouandika mti huo kwa hesabu katika miaka ya 1950 alidai kwa mzaha kwamba umebuniwa na mtaalamu maarufu wa Italia aitwaye Zepartzat Gozinto. Mtaalamu huyo hakuwako. Jina lake ni maneno ya Kiingereza yaliyopotoshwa matamshi, yenye maana ya sehemu inayoingia. Mzaha ukashika, na hata leo mchoro wa namna hiyo huitwa Gozinto katika vitabu vya watu wazima. Wanalugha wangekuwa na haki ya kucheka zaidi kuliko wanahesabu, kwa kuwa mzaha ule una kweli: sehemu huwa sehemu kwa sababu ya kitenzi. Inaingia wapi? Tangi la pembeni huingia katika hesabu ya gesi, katika safu za matofali, na katika shamba.

Wala Kiswahili hakihitaji kungoja viwanda kwa fundisho hili. Mabaharia wa pwani hawakuridhika kuwa na upande wa kulia na wa kushoto tu. Walikuwa na upande wa goshi, au joshi, utokako upepo, na upande wa demani uendako upepo, na chombo kikigeuzwa tanga, ubao ule ule uliokuwa wa goshini huwa wa demani. Seremala aliyeuchonga ubao huo aliujua kwa mahali pake kwenye mataruma, nahodha aliujua kwa upepo, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea. Na katika nyumba ya miti yuko mtambaapanya, mti mmojawapo wa paa, ambao jina lake halikutolewa na fundi aliyeulaza bali na mtu aliyelala chini yake akisikiliza usiku. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapokea majina ya namna hii bila kuyauliza yametoka kwa nani. Kamusi za ufundi zilizofuata zimekuwa na adabu nyingi mno.

Jambo moja hufanya hali ya Arusha iwe ngumu kuliko ile ya pwani. Katika jahazi seremala na nahodha walisema lugha moja. Katika mtambo wa biogesi macho matatu yamegawanywa na lugha pia. Msanifu amesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, na michoro yake yaandikwa kwa Kiingereza. Mwashi amefundishwa kwa Kiswahili. Mwenye nyumba huenda akasema Kimeru nyumbani, au Kimaa ikiwa ni Mwarusha, na Kiswahili akiwa na fundi. Kwa hiyo mgongano wa maoni juu ya chombo huonekana kama mgongano wa lugha, na kila mmoja humdhania mwenzake kwamba hajui maneno, ilhali anajua maneno mengine ya mambo mengine. Mwaka 2009 ulipoanza mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani, ukisimamiwa na CAMARTEC, waashi walifundishwa katika mikoa mingi, na majina yaliyozoeleka chini ya Meru yakaanza kusafiri nao. Wakati wa kuyakusanya ndio huu, kabla hayajachujwa na mtu mmoja mezani.

Kidahizo cha kamusi ya ufundi chaweza kuandikwa kwa namna isiyo ngumu. Chini ya tangi la pembeni, mathalani, liandikwe kwanza jina la kazi pamoja na mzazi wake wa usanifu, kisha jina la ujenzi pamoja na mzazi wake wa ujenzi, kisha jina la nyumbani na mzazi wake. Na katika kila moja la majina hayo mahali pake pa abjadi paelekeze kwa mengine mawili. Kamusi itanenepa. Lakini fundi atakayeambiwa kwamba shimo la mbolea linarudisha maji ataweza kujua kwamba ugonjwa uko katika shinikizo, na hilo ni zaidi ya wafanyalo vitabu vingi vya ufundi.

Limebaki neno ambalo wakusanyaji watakutana nalo kabla ya kulifikia kuba, nalo ni lile la kitu kinachoingizwa. Vitabu vya Kiingereza vyatumia neno moja kwa tope liingialo na kwa tope litokalo, na kutofautisha kwa kuongeza kivumishi. Kiswahili hakikubali kwa urahisi hivyo. Kinyesi ni neno la upande wa mnyama: husema kilikotoka. Samadi, lililotoka Uarabuni likiwa na maana ya kirutubisho cha shamba, ni neno la upande wa mmea: husema kinakokwenda. Msanifu asemapo malighafi atazama tumbo la kuba. Basi wale wauitao mtambo huu wa gesi ya samadi wametaja shamba kabla ya jiko, na katika migomba ya Meru, ambako tope litokalo humwagwa shinani kila siku, ni vigumu kusema kwamba wamekosea mpangilio. Lakini tope lenyewe litokalo, lililokwisha kutoa gesi yake na kupungua harufu, wengine huliita mbolea, wengine tope, na wengine kwa neno la kukopa bioslari, na kila mmoja wa hao amesimama mahali tofauti pa ua ule ule.